Charles Dickens: Mwandishi wa Krismasi Aliyepita Katika Miji Yetu



Katika miji mitatu ambamo sehemu kubwa ya ukoo wetu imetia nanga, yaani Louisville, Columbus na Buffalo, alipita mwaka 1842 mgeni kutoka Uingereza ambaye jina lake wengi wetu tulilikuta katika vitabu vya shule. Mgeni huyo ni Charles Dickens. Mwaka mmoja na miezi minane baada ya kupita huku alitoa kisa cha Krismasi ambacho hadi leo huigizwa majukwaani kila Desemba. Tumeona vema kuyaweka maisha yake katika kijitabu cha mkutano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mwandishi aliyesisitiza kuliko yeye kwamba jamaa wakutane siku ya sikukuu. Pili, jamaa yake mwenyewe ilitawanyika duniani kama ilivyotawanyika yetu.

Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 mjini Portsmouth, akiwa mtoto wa pili miongoni mwa wanane. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani wa serikali katika ofisi ya kulipa mishahara ya jeshi la wanamaji. Mshahara wake ulitosha, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa kuliko wa kuweka. Mwaka 1824 alitiwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, London, kwa deni la mwoka mikate la pauni 40 na ushei. Mama na wadogo wakahamia humo gerezani pamoja naye, kama desturi ya wakati ule ilivyoruhusu. Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa amepelekwa katika kiwanda cha rangi ya viatu kando ya mto Thames, akibandika karatasi za jina juu ya vikopo kwa ujira wa shilingi 6 hivi kwa juma. Baba alipotoka kifungoni baada ya miezi mitatu hivi, mama alitaka mtoto aendelee na kazi ile. Jambo hilo lilimkaa Charles moyoni maisha yake yote, na watu kwa jumla hawakupata habari za kiwanda kile mpaka alipokwisha kufa.

Baadaye alirudi shuleni kwa muda, akawa karani wa mawakili, akajifunza hati mkato, akawa mwandishi wa habari za Bunge. Hadithi ya The Pickwick Papers, iliyotoka kwa sehemu kila mwezi katika miaka ya 1836 na 1837, ilimpatia sifa akiwa na umri wa miaka 25 tu. Mwaka 1836 alimwoa Catherine Hogarth, nao wakajaliwa watoto 10. Hata kabla ya hapo, Desemba 1835, alikuwa amekwisha kuandika gazetini makala fupi juu ya chakula cha Krismasi. Katika makala hiyo bibi mzee amemnunia binti yake kwa kuolewa na maskini bila ridhaa yake. Binti anaingia siku hiyo ya sikukuu, nao wanapatana mbele ya jamaa wote. Wagombanao ndio wapatanao, tusemavyo sisi. Mbegu ya hadithi zake zote za Krismasi ilikuwa hapo.

Januari 1842 Dickens na mkewe walisafiri kwa meli kutoka Liverpool hadi Boston. Nyuma waliwaacha watoto wanne, mkubwa akikaribia miaka mitano na mdogo hajatimiza mwaka, chini ya uangalizi wa ndugu yake Fred na rafiki yao, mwigizaji William Macready. Catherine alichukua picha ya watoto hao iliyochorwa na Daniel Maclise, akasafiri nayo miezi yote sita. Wazazi waliotangulia kuja huku na kuwaacha wana kwa jamaa wanafahamu picha ya namna hiyo ina uzito gani.

Mwezi wa Aprili walishuka mto Ohio kwa stima, wakafika Louisville, wakalala katika hoteli ya Galt House. Baada ya kwenda hadi St. Louis na kurudi, walipanda gari la farasi kutoka Cincinnati, wakasafiri usiku kucha, wakaingia Columbus asubuhi ya tarehe 21 Aprili. Kutoka hapo walipita msituni juu ya barabara iliyotandikwa magogo, wakirushwarushwa garini, hadi Sandusky. Kisha wakavuka ziwa Erie kwa stima, wakashuka Buffalo tarehe 26 Aprili na kuendelea hadi maporomoko ya Niagara.

Wakati huo ng'ambo moja ya mto Ohio, upande wa Louisville, mtu mweusi aliweza kuuzwa; ng'ambo ya pili sheria ilikataza utumwa. Katika kitabu cha safari hiyo, American Notes, kilichotoka Oktoba 1842, Dickens aliweka sura nzima ya kuushutumu utumwa. Alipanga humo matangazo ya magazeti ambayo mabwana walitoa kutafuta watumwa waliotoroka, wakiwatambulisha kwa makovu na alama za chuma cha moto. Hata hivyo haki yatutaka tuseme pia kwamba mtu huyuhuyu mwaka 1853 aliandika makala ya kuwadharau watu wa Afrika, na baada ya maasi ya Jamaica ya mwaka 1865 aliwaunga mkono waliomtetea gavana aliyewaua watu weusi kwa mamia. Huruma yake ilikuwa na mipaka, na sisi tulikuwa nje ya mipaka hiyo.

Mwaka 1843 taarifa ya serikali juu ya watoto waliofanyishwa kazi migodini na viwandani ilimchoma. Mwezi wa Septemba alitembelea shule ya watoto fukara ya Field Lane, London. Mwezi uliofuata alianza kuandika A Christmas Carol, akaimaliza kwa muda wa majuma sita hivi. Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba, na nakala 6,000 zikauzwa kabla ya Krismasi. Lakini alikuwa amekipamba kwa gharama kubwa na kukiuza shilingi 5 tu. Alitumaini pauni 1,000. Mkupuo wa kwanza ukampa pauni 230. Wachapishaji wa wizi alipowashtaki alishinda kesi, nao wakafilisika, yeye akabaki kulipa gharama za mawakili.

Wengi wanakijua kisa chenyewe: tajiri bahili, Scrooge, anatembelewa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi, na asubuhi anaamka mtu mwingine. Aghalabu watu humkumbuka karani wake, Bob Cratchit, mwenye mshahara wa shilingi 15 kwa juma, na mwanawe mlemavu. Sisi tungependa msomaji amtazame mtu mwingine, yaani Fred. Waingereza wana neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa. Lakini ukikisoma kisa kwa fikra za Kiswahili utaona kwamba Scrooge ni mjomba wa Fred hasa. Alikuwa na dada mmoja, Fan, aliyekuja kumchukua shuleni siku za Krismasi alipokuwa mtoto aliyeachwa peke yake. Dada huyo alifariki akaacha mtoto mmoja, na mtoto huyo ndiye Fred. Basi kila mwaka mpwa humwendea mjomba kumwalika chakula. Kila mwaka hutukanwa na kukataliwa. Na kila mwaka hurudi. Mwishoni, Scrooge anapotaka kurudi kwa watu, mlango wa kuingilia upo, kwa sababu mpwa hakuufunga.

Baada ya hapo Dickens alitoa vitabu vingine vinne vya Krismasi: The Chimes mwaka 1844, The Cricket on the Hearth mwaka 1845, The Battle of Life mwaka 1846 na The Haunted Man mwaka 1848. Tangu mwaka 1850 hadi 1867 magazeti aliyoyahariri yalikuwa na toleo la Krismasi karibu kila mwaka. Kati ya miaka ya 1846 na 1849 aliandika pia maisha ya Yesu kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya watoto wake tu. Aliwasomea nyumbani na kukataza yasichapishwe. Kitabu kilitoka mwaka 1934, baada ya mwanawe wa mwisho aliyekuwa hai kufariki.

Tunafika sasa mahali pa huzuni. Mwaka 1858 Dickens alitengana na mkewe baada ya miaka 22 ya ndoa, moyo wake ukiwa umemwelekea mwigizaji kijana, Ellen Ternan. Catherine aliondoka nyumbani na mwana mkubwa peke yake. Watoto wengine walibaki kwa baba. Hakukuwa na Krismasi tena ya kuwakalisha baba na mama meza moja. Catherine alizitunza barua za mumewe, na karibu na kufa kwake mwaka 1879 alimkabidhi binti yake azipeleke katika makumbusho ya taifa, ili walimwengu wajue kwamba aliwahi kupendwa.

Wana nao walitawanywa. Walter alipelekwa India mwaka 1857 akiwa na miaka 16, akafia Calcutta tarehe 31 Desemba 1863, akiwa na madeni. Habari zilimfikia baba siku yake ya kuzaliwa. Alfred alikwenda Australia mwaka 1865, na Edward, kitinda mimba, akamfuata mwaka 1868. Baba alimwekea Edward Agano Jipya katika vitabu vyake na kumwandikia barua ya kumsihi asiache kusali, akamsindikiza hadi stesheni akilia. Hawakuonana tena. Sydney alifia baharini mwaka 1872. Francis, baada ya kuwa askari polisi India na Kanada, alifia Moline, Illinois, mwaka 1886, akazikwa huko katika makaburi ya Riverside. Alfred alifia New York mwaka 1912 alipokuwa akizunguka kutoa hotuba juu ya baba yake. Kwa hiyo wana wawili wa mwandishi wa Krismasi wamelala katika ardhi hii ya Marekani.

Dickens mwenyewe alirudi Marekani Novemba 1867 kusoma vitabu vyake mbele ya watu. Alisoma mara 76, na A Christmas Carol ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Alisoma pia Buffalo, Machi 1868. Alipata fedha nyingi, lakini Krismasi ile alikuwa mgonjwa wa mafua, mbali na watoto wake wote. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, mwenye umri wa miaka 58, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Katika wasia wake aliwausia watoto waongozwe na mafundisho ya Agano Jipya.

Maisha haya yana funzo. Dickens alijua kuandika upatanisho kuliko alivyojua kuufanya, na sikukuu pekee haikuweza kuiunganisha nyumba yake. Linalounganisha ni lile alilompa Fred: kualika tena. Katika orodha ya mwaliko wa mkutano huu yamo majina ya jamaa ambao hawajajibu kwa miaka kadhaa, wengine kwa ugomvi ambao vijana hata hawaujui. Majina hayo hayakufutwa, na mwaka ujao watapelekewa mwaliko tena.