Carl Linnaeus: Aliyempa mbu jina bila kujua siri ya homa aliyoichunguza

Juni 1735, kijana wa miaka 28 kutoka Uswidi aliingia mji mdogo wa Harderwijk, Uholanzi, akiwa na tasnifu mkononi. Mada yake ilikuwa chanzo cha homa inayokuja na kuondoka kwa vipindi, ile ambayo leo tunaiita malaria. Ndani ya muda usiofika wiki mbili alikuwa ameshapewa udaktari.

Jibu lake lilikuwa kosa. Alisema homa inatoka kwenye udongo.

Kijana huyo ni Carl Linnaeus. Miaka 23 baadaye, ni yeye huyohuyo aliyempa mbu jina la kisayansi linalotumika mpaka leo. Homa na mbu, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuviunganisha mpaka anakufa.

Mtoto wa mchungaji

Linnaeus alizaliwa Mei 23, 1707 huko Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyependa sana bustani. Hata jina la Linnaeus ni baba aliyejichagulia, akilitoa kwenye mti mkubwa uliokuwa karibu na kwao.

Alisomea udaktari Lund, kisha Uppsala, pesa zikiwa za kuungaunga. Mwaka 1732 alisafiri Lapland, kaskazini kabisa, kukusanya mimea, na huko mbu na visubi walimsumbua kwelikweli.

Baadaye akampenda Sara Elisabeth, binti wa daktari mmoja wa mji wa Falun. Ili aoe, ilibidi kwanza awe na shahada na kazi ya kueleweka. Ndiyo maana akaenda Uholanzi.

Alikaribia, akapita pembeni

Enzi hizo homa ya vipindi ilikuwa ugonjwa wa kawaida Uswidi. Linnaeus alichunguza inapatikana wapi, akagundua kwamba inashambulia zaidi sehemu zenye udongo wa mfinyanzi. Akahitimisha kuwa chembe za udongo huo huingia mwilini kupitia maji ya kunywa na kuziba mishipa midogo ya damu.

Alichokiona kilikuwa na ukweli ndani yake. Udongo wa mfinyanzi haunyonzi maji haraka, na maji yakituama mbu hutaga mayai. Yeye aliutazama udongo, kumbe jibu lilikuwa linaelea juu yake.

Majina mawili tu

Mwaka huohuo alichapisha Systema Naturae, kitabu chembamba cha kurasa kama 12 kilichopanga viumbe kwa makundi. Kiliendelea kunenepa toleo baada ya toleo.

Kabla yake, jina la kiumbe lingeweza kuwa sentensi nzima ya Kilatini. Linnaeus alilifupisha kuwa maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, kama jina la ukoo, na la pili ni la spishi. Mimea ilianza 1753, wanyama wakafuata kwenye toleo la 10 la mwaka 1758. Humo mbu wa kawaida akaitwa Culex pipiens. Jina la pili linahusu ule mlio wake mwembamba.

Ila kundi lake la Culex lilikuwa kama daladala ya jioni. Visubi na inzi weusi wanaouma aliwapakia humohumo na mbu.

Jina lingine lilikuja kwa msiba. Mwanafunzi wake Fredrik Hasselquist alisafiri hadi Misri na Palestina, akafia njiani mwaka 1752 akiwa na miaka 30. Linnaeus alihariri na kuchapisha maandishi yake. Kwenye toleo la Kijerumani la kitabu hicho, mwaka 1762, ndipo lilipotokea jina Culex aegypti, yaani mbu wa Misri.

Hata mti ambao magome yake hutoa kwinini ni yeye aliyeupa jina, Cinchona, mwaka 1742. Homa, dawa na mbu: vyote alivigusa, kila kimoja kwenye ukurasa wake.

Baada ya kifo

Linnaeus alifariki Januari 10, 1778, Uppsala, akiwa na miaka 70.

Mwaka 1818, Mjerumani Johann Wilhelm Meigen aliunda jenasi mbili mpya za mbu: Aedes na Anopheles. Jina Anopheles linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya asiye na faida. Baadaye mbu wa Misri alihamishiwa Aedes, na mpaka leo jina la Linnaeus huwekwa kwenye mabano mbele yake, alama kwamba spishi imehama kundi.

Bado fumbo la homa lilibaki. Nchini India, daktari Mwingereza Ronald Ross alipoteza karibu miaka miwili akipasua mbu wasio sahihi. Hakujua uainishaji wao, aliwatambua kwa rangi tu. Agosti 20, 1897 alipasua mbu wa aina nyingine na kuona kimelea cha malaria tumboni. Alikuwa Anopheles. Ilikuwa imepita miaka 139 tangu mbu apewe jina.

Kwa nini jina lina uzito

Afrika Mashariki, Anopheles hueneza malaria, Aedes aegypti hueneza homa ya dengue, na kwenye miji ya pwani Culex hueneza matende. Anopheles huuma zaidi usiku, Aedes huuma mchana na kutaga kwenye ndoo na matairi yenye maji, wakati Culex anapenda maji machafu ya vyoo na mitaro.

Ukikosea mbu, unapiga dawa mtaro ambao mgonjwa wako hakuumwa na mbu wake. Linnaeus hakulijua hilo, ila orodha aliyoianza ndiyo inayotumika kuwatofautisha.