Moïse Tshombe: Tabasamu Lililoiteka Katanga

Hapa Katuba jina la Moïse Tshombe halijafa. Katika lupango moja wazee wanalitaja kwa furaha, kama jina la mtu aliyewapa Wakatanga heshima. Katika lupango la jirani, jina hilohilo linawanyamazisha watu waliokuwa wakila. Nyumba hizi mbili zinakutana kanisani kila siku ya Mungu, kwenye benchi moja. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha yake, hasa kwa vijana wanaolijua jina tu.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa Wakongo wachache waliotajirika wakati wa ukoloni. Mtoto alisoma katika shule za Wamethodisti wa Marekani, akajifunza uhasibu, akamwoa Ruth Matshik, binti wa Mwant Yav. Biashara hazikumwendea vizuri. Zaidi ya mara moja alifilisika. Kipawa chake kilikuwa kwa watu. Alicheka upesi, alivaa vizuri, alijua kuongea na wakubwa wa Union Minière na pia na watu wa mitaani. Hata waandishi wa habari wa ng'ambo waliokuja kumuuliza maswali makali, wengi waliondoka wakimsifu.

Mwaka wa 1959 alikuwa kiongozi wa chama cha CONAKAT. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama hicho kilipata viti 25 kati ya 60 vya jimbo. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Jiji letu, lililoitwa bado Élisabethville, likawa mji mkuu wa nchi ambayo hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua. Watu wengi walimshangilia, nasi tunaelewa sababu: aliwafanya wajione kuwa na thamani.

Lakini kaskazini, kwa Waluba waliomfuata Jason Sendwe na chama cha BALUBAKAT, askari wake na mamluki wa kizungu walichoma vijiji. Mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa jiji hili. Tarehe 17 Januari mwaka huohuo, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa hapa kwa ndege, na usiku ule wakapigwa risasi. Mwezi wa Februari serikali ya Tshombe ilitangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua. Haikuwa kweli. Desemba 1961, huko Kitona, alikubali kuimaliza hali ya kujitenga, kisha akachelewesha mpaka Januari 1963, baada ya vita vingine.

Ajabu ni kwamba watu walimpenda tena. Julai 1964 aliitwa kutoka uhamishoni awe waziri mkuu wa Kongo yote. Uwanjani Léopoldville aliuahidi umati Kongo mpya kwa miezi mitatu, na umati ukapiga makofi. Kabla ya mwezi mmoja kupita, tarehe 5 Agosti, waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville. Oktoba 1965 Rais Kasavubu alimwondoa. Alikimbilia Uhispania, Kinshasa ikamhukumu kifo. Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda ilitekwa na kupelekwa Algeria. Huko alifungwa, na huko alikufa tarehe 29 Juni 1969, akiwa na miaka 49. Alizikwa karibu na Brussels kwa ibada ya Kimethodisti, mbali na Musumba.

Wapendwa, tumeona mtu wa namna hii katika Maandiko. Absalomu alikuwa mzuri kuliko wote katika Israeli. Alisimama langoni, akawasikiliza wenye mashtaka, akawabusu, akaiiba mioyo ya watu (2 Samweli 15). Biblia haisemi kwamba uzuri wake ulikuwa dhambi. Inatuonyesha watu walioacha kuuliza anawapeleka wapi.

Na jambo hili linatuhusu sisi wa kanisa zaidi. Tshombe, Sendwe na Lumumba, wote watatu walipita katika shule za misheni ya Wamethodisti. Kusoma Neno moja hakukuzuia damu, kwa sababu kila kundi lilimpenda mtu wake kuliko lilivyompenda jirani.

Leo wanasiasa wanakuja katika makanisa yetu wakati wa kampeni. Wanapewa maikrofoni, wanatuchekesha, wanaacha bahasha. Tuwapokee kwa adabu, maana ulimi mzuri ni kipawa cha Mungu. Lakini tuulize: wale waliompinga aliwatendea nini? Ahadi ya mwaka jana iko wapi? Na anapoongea nasi kwa lugha yetu, je, kuna jirani anayeogopa?

Mungu atupe moyo wa kupambanua, na atupatanishe sisi tunaokaa kwenye benchi moja. Amina.