Jamaa wa noti ya dola 100 na kijitabu chake cha nukta

Ukibahatika kushika noti ya dola 100, yule mzee mwenye nywele ndefu unayemwona ni Benjamin Franklin. Usimwite rais, hakuwahi kuwa. Alizaliwa Boston mwaka wa 1706, baba yake akiwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, na shule aliiaga akiwa na miaka 10 tu. (Sisi tulioacha chuo katikati tunapenda sana kusikia hivyo. Lakini ngoja kwanza.)

Alifunzwa kazi ya uchapishaji na kaka yake James, wakakosana, akatoroka. Mwaka wa 1723 akatua Philadelphia akiwa na miaka 17, mfukoni vijisenti tu.

Hapo awali alikuwa ameapa kutokula nyama wala samaki. Basi siku moja yuko melini, upepo umekufa, mabaharia wanavua na kukaanga. Harufu ikampata puani. Akakumbuka kwamba samaki hao walipopasuliwa, tumboni mlikuwa na samaki wadogo. Akaamua kwamba kama wao wenyewe wanakulana, hakuna haja ya yeye kuwahurumia. Akala, tena vizuri! Uzeeni alijicheka akisimulia kisa hicho, maana alijua tumbo ndilo lililoamua, akili ikaja nyuma kutafuta sababu. Unajua vile wewe hujiambia ni video moja tu, halafu unajipata macho saa nane usiku? Ni samaki yule yule, bana.

Pengine ndiyo maana hakuiamini nia peke yake. Aliorodhesha tabia 13 alizotaka: kiasi katika chakula na pombe, kunyamaza, mpangilio, bidii, haki na nyinginezo. Unyenyekevu aliuongeza mwisho, baada ya rafiki kumwambia kwamba ana maringo. Kwenye kijitabu akachora siku saba juu, tabia pembeni, na kila jioni akaweka nukta nyeusi alipoteleza. Lakini wiki moja alikazana na tabia moja tu. Hesabu mwenyewe: wiki 13, mara nne, mwaka umeisha. Si kama sisi tunaotaka kubadilisha kila kitu Januari mosi.

Ati ilifanya kazi? Nukta zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Alizifuta na kuchora upya hadi karatasi ikatoboka. Mpangilio ulimshinda kabisa. Hadi uzeeni makaratasi yake yalikuwa vurugu.

Hilo namsamehe. Kuna lingine gumu zaidi. Haki ilikuwa kwenye orodha, na bado nyumbani kwake aliweka watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuuza watu. Miaka na miaka. Wengi waliomzunguka walifanya vivyo hivyo, na sababu, kama kawaida, hazikukosekana. Kwa hilo nadhani jioni zilipita bila nukta.

Mwaka wa 1787, akiwa mzee mgonjwa, alikubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Februari 1790 alitia sahihi ombi la kulitaka Bunge la Marekani lichukue hatua dhidi ya utumwa. Wabunge wakazozana, kisha wakaliweka kando. Aprili 17 mwaka huo akafariki, akiwa na miaka 84.