Grand Kallé: sauti yake, saksofoni na kinanda cha umeme

Kila tarehe 30 Juni redio za inchi yetu zinapiga Indépendance Cha Cha, na vijana wa Kolwezi wanaicheza bila kujua sana huyu mwenyi kuiimba alikuwa nani. Joseph Kabasele Tshamala, wenyi kumpenda walimuita Grand Kallé, alizaliwa Matadi tarehe 16 Desemba 1930. Alikuwa wa jamaa ya Joseph Malula, yule padri aliyekuja kuwa kardinali, na sauti yake aliifundisha kwanza kwenye koro ya kanisa. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, alifanya kazi ya ofisi, kisha akaacha mashine ya kuandika ju ya maikrofoni.

Miaka ile hapa kwetu Katanga muziki ulikuwa wa mtu na gitari yake. Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya alirekodiwa Jadotville, njo Likasi ya leo, mwaka 1952: vidole viwili tatu, na sauti moja tu. Kabasele alitafuta kitu kingine. Mwaka 1953 alianzisha orkestra African Jazz, na katika studio ya Opika akakutana na Wabelgiji wawili. Mmoja ni Fud Candrix, mpigaji wa saksofoni ya tenori aliyekuwa na jina kubwa Brussels hata mbele ya vita. Mwingine ni Gilbert Warnant, na yeye alipiga Solovox.

Solovox ni nini? Ni kinanda kidogo cha umeme cha kampuni ya Hammond ya Marekani, kinafungwa chini ya vibao vya piano. Kinatoa noti moja moja tu, hakiwezi kupiga mbili kwa mara moja. Mimi naona ule uzaifu njo ulikuwa uzuri wake: haukumfunika mwimbaji, ulitembea naye pembeni kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Saksofoni nayo ilijibu kwa sauti nzito ya kifua. Katikati ya hao wawili Kabasele aliimba pole pole, bila kupaza, kama mtu anayebembeleza.

Kule Marekani ndoa kama hii ya tenori na kinanda cha Hammond ilipata nguvu kubwa mbele kidogo. Jimmy Smith alianza kutoa disiki za kinanda hicho mwaka 1956, na Aprili 1960 akaingia studio pamoja na Stanley Turrentine wa saksofoni. Muziki wao ulinuka kanisa la watu weusi. Kabasele hakuwaiga, lakini na yeye alikuwa mtoto wa koro, na mwenyi kusikiliza wote wawili atasikia ile harufu.

Januari 1960 viongozi wetu waliitwa Brussels kwenye Meza ya Duara. Kabasele alienda na wanamuziki wake, Docteur Nico na ndugu yake Déchaud, Roger Izeidi, Petit Pierre, akaazima Vicky Longomba na Brazzos kutoka O.K. Jazz, wapinzani wake. Huko njo Indépendance Cha Cha ilizaliwa. Sisi wa Lualaba tuisikilize vizuri: ndani yake Kabasele anataja Conakat ya Tshombe na pia Cartel, ule muungano wa Balubakat ya Sendwe, Fedeka, na ATCAR ya ndugu zetu Wachokwe, anasema wamepatana. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Wimbo ulikuwa bado unapigwa, na wale waliotajwa pamoja walikuwa tayari wanapigana.

Brussels ilimpa Kabasele kitu kingine tena. Katika klabu moja, Les Anges Noirs, alimkuta kijana wa Kameruni, Manu Dibango, mwenyi kupiga saksofoni na kinanda pia. Vile vyombo alivyovipata zamani kwa Wazungu wawili, sasa vilikuwa mikononi mwa Mwafrika mmoja. Dibango alirekodi na African Jazz, na mwaka 1961 akahamia Léopoldville, akakaa huko mpaka 1963. Na disiki zenyewe hazikuwa tena mali ya tajiri mgeni: Kabasele alikuwa na nembo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, na hata O.K. Jazz ya Franco ilitoa nyimbo kwake. Kwa wakati ule, mwanamuziki Mkongomani kuwa mwenyi wa nembo halikuwa jambo dogo.

Lakini kuimba umoja ni rahisi kuliko kuushika nyumbani. Feza ilileta maneno, kama kawaida katika orkestra zetu. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi, muji wa mwisho mikononi mwa Tshombe, Katanga ikarudi ndani ya Kongo. Mwaka ule ule African Jazz ikapasuka: Nico na Rochereau waliondoka na kuanzisha African Fiesta. Kabasele alitafuta wengine, akajaza nafasi, lakini mioyo ya watu ilikuwa imewafuata wale vijana.

Mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa Paris. Dibango alikuwa huko, amekuwa mpiga kinanda cha Hammond wa mwimbaji Nino Ferrer. Wakaungana tena katika African Team, pamoja na Jean-Serge Essous wa saksofoni, na Don Gonzalo wa Kuba kwenye filimbi. Disiki zile hazipigwi sana kwenye redio, na ni hasara, ju sauti ya Kabasele pale imeshuka kidogo, imekuwa ya mtu mzima, na vyombo vinamwachia nafasi.

Alirudi nyumbani akiwa na ugonjwa, akafariki tarehe 11 Februari 1983, na miaka 52.