Grace Hopper, mama aliyefupisha kazi ya kuandika programu

Kati ya watu wanaoandika programu za ordinatere, yaani kompyuta, kuna mchezo mmoja: wote wanapewa kazi ileile, na mshindi ni yule aliyeimaliza kwa herufi chache kuliko wengine. Wanauita gofu, sababu hata katika gofu anashinda aliyepiga mpira mara chache. Lakini kufupisha programu hakukuanza kama mchezo. Ilikuwa shida ya kazi, na mmoja wa waliopambana nayo ni mama Mmarekani, Grace Hopper.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka 7, alifungua saa 7 za kuamsha pale nyumbani ili aone namna zinavyotembea. Alisoma hesabu mpaka akapata udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akafundisha Vassar. Vita ya pili ya dunia ilipopamba moto, akaomba kuingia jeshi la majini. Walisema miaka yake imezidi na kilo zake hazitoshi. Hakukata tamaa, na Desemba 1943 wakamupokea.

Mwaka 1944 akatumwa Harvard kwenye mashini Mark I, yenye urefu wa metre zaidi ya 15. Maagizo yake yalitobolewa kwenye ukanda wa karatasi. Hopper na wenzake waliweka kwenye daftari vipande vya programu vilivyokwisha kufanya kazi vizuri. Mwenye kuhitaji kipande alikinakili kwa mkono, na hapo makosa yakaingia. Namba moja ikikosewa, hesabu yote inaharibika, na zile zilikuwa hesabu za vita.

Basi akajiuliza: mashini inajua kuhesabu, kwa nini isinakili yenyewe? Mwaka 1952, kwenye kampuni iliyotengeneza ordinatere UNIVAC, alikamilisha programu A-0. Kila kipande kilipata alama yake. Mtu anaandika alama tu, mashini inatafuta kipande na kukiunganisha na vingine. Kazi ya kurasa nyingi ikawa mistari michache. Wengi hawakuamini.

Lakini akaona pia kwamba alama fupi zinamufaa mwanahesabu, si karani wa mishahara. Akatengeneza FLOW-MATIC, lugha ya programu yenye maneno ya Kiingereza cha kawaida. Alipowaonyesha wakubwa wake kwamba maneno hayo yanaweza kuwa ya Kifaransa ao Kijerumani, waliogopa: mashini ya Marekani itasikiaje Kifaransa? Yeye alijua kwamba kwa mashini kila neno ni alama tu. Kutoka FLOW-MATIC ikazaliwa COBOL, iliyoanza 1959. Ina maneno mengi, mcheza gofu angeicheka, lakini mabenki mengi yaliitegemea miaka na miaka.

Ufupi nao una bei yake. Ili kupunguza nafasi, waandishi wengi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu 2: 1965 ikawa 65. Mwaka 2000 ulipokaribia, mashini zingeweza kudhani 00 ni 1900. Inchi nyingi zilimwaga pesa nyingi kusahihisha. Tarakimu 2 tu!

Hopper hakuona hayo. Alistaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha amirali, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Meli moja ya vita ya Marekani inaitwa kwa jina lake.

Kwa vijana wa Fizi na Baraka wanaojifunza programu, maisha yake yanasema mambo mawili. Kwanza, fupisha ili kupunguza makosa, lakini fikiri juu ya yule atakayesoma nyuma yako. Pili, lugha yetu haizuiwi mlangoni. Katika Python, ukiandika andika = print, kuanzia hapo neno andika litafanya kazi ya print. Ni mstari mmoja mfupi, na mashini imepokea Kiswahili.