Daktari Aliyetengeneza Barafu

Sisi wa Muheza joto tunalijua, na malaria tunaijua. Soma habari za daktari John Gorrie wa Marekani.

Mwaka 1833 alihamia Apalachicola, mji wa pwani wenye joto na homa nyingi. Ili kuwapoza wagonjwa, alining'iniza beseni la barafu darini. Lakini barafu ililetwa kwa meli kutoka kaskazini. Meli ikichelewa, wagonjwa waliteseka.

Basi akaunda mashine. Ilishindilia hewa, ikaipoza kwa maji, kisha ikaiachia itanuke. Hewa inayotanuka hupoa sana. Maji yakaganda! Mwaka 1851 alipewa hati ya uvumbuzi. Hata hivyo, watu walimcheka. Mwenzake mwenye fedha alifariki, na mwaka 1855 Gorrie akafa maskini.

Gorrie alidhani hewa mbaya huleta malaria. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross aliona vijidudu vyake ndani ya mbu. Kwa hiyo tumia chandarua. Lakini baridi nayo huokoa maisha. Chanjo ya mtoto wako hutunzwa ndani ya jokofu.

Maswali
1. Kwa nini Gorrie aliunda mashine?
2. Malaria huenezwa na nini?