Edward Steere

Edward Steere (London, Uingereza, 4 Mei 1828 – Zanzibar, Agosti 1882) alikuwa padre na baadaye askofu wa Kanisa Anglikana, mwanasheria, mpiga chapa na mtaalamu wa lugha. Anakumbukwa hasa kwa kueneza namna ya kuandika Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kilatini. Tahajia inayotumiwa leo katika vitabu, simu na kompyuta imetokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake.

## Maisha

Steere alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1850. Aliacha uwakili, akapewa ushemasi mwaka 1856 na upadre mwaka 1858, kisha akahudumu katika parokia za mashambani, ikiwemo Little Steeping. Tangu ujanani alipenda kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kwenda Afrika kwa niaba ya misheni ya UMCA. Baada ya kushindwa kukaa karibu na mto Zambezi, walihamia Zanzibar mwaka 1864. Huko Steere alianza kujifunza Kiswahili na kuendesha mtambo wa kupiga chapa. Vijana waliookolewa kutoka utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi.

Wengi wa watu hao walitoka bara ya kusini, pande za Wayao na Ziwa Nyasa. Walikuwa wamepitishwa Kilwa Kivinje, iliyokuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa kwenye mwambao wa kusini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pake, Mkunazini.

Mwaka 1874 Steere alipewa uaskofu. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe kwa mtawala wa Wayao, Mataka. Mwaka 1876 alipitia tena Lindi akiwa na kundi la watu walioachwa huru waliotaka kurudi makwao. Walikaa njiani Masasi, na huo ukawa mwanzo wa kituo cha misheni hapo. Steere alifariki Zanzibar, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa la Mkunazini.

## Kazi ya lugha

Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya Steere. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni kati ya maandishi ya kale ya Kiswahili yanayojulikana. Lakini alfabeti ya Kiarabu haina herufi za sauti kama p, ch na v, na alama zake za vokali ni tatu tu. Mara nyingi msomaji alipaswa kujua mwenyewe kama ni e au i, o au u.

Steere alichagua kanuni rahisi: vokali zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Sauti zisizo na herufi moja ziliandikwa kwa kuunganisha mbili, kama ch, sh, dh na gh. Kwa hiyo herufi za kawaida za mtambo zilitosha. Kabla yake Johann Ludwig Krapf aliandika Kiswahili cha Mombasa kwa tahajia tofauti.

Alisaidiwa na wenyeji wa Zanzibar, akiwemo Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyewahi kuwa kadhi wa Kilwa. Mwaka 1870 alitoa *A Handbook of the Swahili Language*, chenye sarufi na msamiati, na *Swahili Tales*, mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Alitafsiri pia sehemu kubwa ya Biblia, na mwaka 1871 alitoa kitabu kuhusu Kiyao.

## Tahajia yake katika kompyuta

Katika programu, neno au sentensi huhifadhiwa kama mfuatano wa herufi, na kila herufi ina nafasi yake. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili haina alama juu wala chini ya herufi, mwanafunzi anaweza kuhesabu, kukata, kuunganisha na kubadilisha maneno yake kwa kibodi yoyote ya kawaida.

Kupata wingi wa *kitabu*, programu hukata herufi mbili za mwanzo na kuunganisha *vi* na zilizobaki: *vitabu*. Kanuni hiyo inafaa kwa *kiti* na *kikapu*, lakini *chakula* huwa *vyakula*, na *kiu* haina wingi. Kwa hiyo kukata herufi peke yake hakutoshi; programu inahitaji pia orodha ya maneno, kama mtunga kamusi.

Tatizo jingine ni ritifaa. Katika *ng'ombe*, sauti moja ya mwanzo huhesabiwa kama herufi tatu, na neno zima lina saba. Maandishi yakifungwa kwa alama moja ya kunukuu, kompyuta huichukua ritifaa kuwa mwisho wa neno na kutoa kosa. Dawa yake ni kufunga kwa alama mbili. Ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama tofauti kwa kompyuta, hivyo utafutaji wa neno unaweza kushindwa mpaka zote zigeuzwe kuwa aina moja.

## Urithi

Arthur Cornwallis Madan aliendeleza kazi ya Steere katika kamusi zake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia tahajia moja kwa Afrika Mashariki.

Mabadiliko hayo yalirahisisha uchapaji na elimu ya shule. Yalikuwa na gharama pia: watu waliosoma herufi za Kilatini pekee hawakuweza kusoma barua, hati na tenzi ambazo wazee wao waliandika kwa herufi za Kiarabu.